“Dearóil” ni mvua, ni umaskini, au ni ugonjwa?

Swali. Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, ninafanya kazi ya kutunza wazee kwenye makao yaliyo nje kidogo ya Galway, Ayalandi. Kuna babu mmoja wa Connemara, huku magharibi mwa nchi, ambaye kadiri umri unavyokwenda Kiingereza kinampotea, anarudi kwenye Kiayalandi cha utotoni mwake. Asubuhi akitazama dirishani husema neno kama “dyarool”. Nikadhani ni mvua. Juzi akalisema huku amejishika kifuani, anajisema yeye mwenyewe. Siku nyingine nimelisikia kama “yarool”. Mwenzangu wa zamu akaniandikia: dearóil. Nimefungua kamusi, imenipa dhaifu, maskini, duni, na baridi ya kutia huzuni. Kweli hilo ni neno moja? Kwa Kiswahili nilichukue vipi, na babu nimjibu nini?

Jibu. Marahaba, dada yangu. Ni neno moja, na babu hakulikosea mahali hata mara moja.

Nianze na masikio yako, maana nayo hayakukosea. Kiayalandi hubadilisha kichwa cha neno kulingana na kile kinacholitangulia. Siku, lá, ni nomino ya kiume, kwa hiyo husemwa lá dearóil, na ile d hulainishwa hadi inakaribia dy au j, kutegemea msemaji katokea wapi. Lakini hali ya hewa, aimsir, na usiku, oíche, na mahali, áit, ni nomino za kike, na sifa, yaani kivumishi, inayozifuata huingiwa na h: aimsir dhearóil, oíche dhearóil, áit dhearóil. Hiyo dh ikikaa mbele ya e hutamkwa y. Ndiyo “yarool” yako. Wageni wengi wa lugha hii husumbuka hapa kwa miezi, kwa sababu hawajazoea kulivua neno kichwa kabla ya kulitafuta kwenye kamusi. Sisi tumekua nalo jambo hilo. Siku mbaya, mahali pabaya, kitu kibaya: mtoto wa darasa la pili anajua hapo pana sifa moja tu. Irabu ya kuvuta ni ile yenye alama, ó. Ivute kama unavyosema “koo”.

Sasa maana. Kamusi kubwa ya Kiayalandi cha kale, ile ambayo Royal Irish Academy iliitoa kwa vipande kuanzia 1913 hadi 1976, inalo neno hili kwa tahajia ya zamani, deróil, na maana zake huko zinazunguka udogo: kitu hafifu, kisicho na thamani, mtu wa chini asiyehesabiwa. Hilo ndilo shina. Udogo na unyonge ndivyo vinavyozishikilia zile maana nyingine ulizozikuta, pamoja na ile ya baridi.

Mimi mwenyewe nilizisoma maana hizo miaka mingi nikiziona kama maneno manne yaliyogongana kwa bahati katika tahajia moja, mpaka nilipokaa majuma mawili na familia moja ya Connemara kujifunza lugha. Ilikuwa Machi, kondoo wanazaa. Asubuhi moja mama mwenye nyumba alirudi kutoka malishoni na mwanakondoo ndani ya koti lake. Alikuwa wa usiku uleule, pacha aliyekataliwa na mama yake, sufu imemgandia mwilini kwa maji, miguu imekunjika kama fito. Akaniambia nimtie kidole mdomoni. Ulikuwa wa baridi kama bakuli la bati lililolala nje. Akamweka ndani ya katoni karibu na jiko, jiko lenyewe linawaka ule udongo mweusi wa kinamasi wanaoukata kama matofali na kuukausha, akasema: Nach dearóil an créatúr é! Kiumbe huyu jamani, tazama alivyo. Halafu akainua macho dirishani, ambako mvua ilikuwa inakwenda ubavuubavu badala ya kushuka, na kwa sauti ileile akasema: Is dearóil an lá é. Siku nayo ni hivyo hivyo.

Hakugeuza sauti, kwa sababu kwake hakuwa amegeuza jambo. Tangu siku ile nalielewa hivi: dearóil ni hali ya kitu kidogo kilichoachwa wazi mbele ya kitu chenye nguvu kukishinda, hakina ukuta, hakina manyoya ya kutosha, hakina mtu. Likisemwa juu ya kichanga, jicho limeangukia udogo wake. Likisemwa juu ya mtu asiye na kitu, jicho limeangukia kutokuwa na kinga kwake. Likisemwa juu ya siku, jicho linatazama kile ambacho siku hiyo inawatenda walio nje, jinsi inavyomfanya kila aliye chini yake awe mdogo.

Na lazima uijue siku yenyewe inayosemwa, ingawa wewe unaishi ndani yake sasa. Baridi ya magharibi ya Ayalandi si ya barafu. Januari kwenye pwani ile wastani wa joto huwa nyuzi 5 au 6 hivi za Selsiasi, barafu na theluji ni wageni wa kupita. Kinachomaliza watu ni maji na upepo kutoka Atlantiki. Upande wa magharibi siku zenye mvua ya milimita moja au zaidi hufikia karibu 225 kwa mwaka. Upande wa mashariki na kusini-mashariki ni kama 150. Desemba jua la Galway huchomoza karibu saa tatu asubuhi kwa saa zetu, na saa kumi na nusu jioni limekwisha kuzama. Ongeza kwamba Connemara ni nchi ya mawe na vinamasi, miti michache, kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji ambazo upepo unapita katikati yake ukipiga mluzi. Mahali pa namna hiyo wana neno lake pia, sceirdiúil, palipo wazi mbele ya upepo, na lom, palipo tupu, uchi. Lakini hayo mawili ni ya mahali. Ukisema sceirdiúil umeeleza mlima ulivyo. Ukisema dearóil umemwonea mtu huruma, hata kama ulichokitaja ni hali ya hewa.

Ukitaka mfano wa kwetu wa neno la hali ya hewa kugeuka neno la hali ya maisha, unao. Kenya fundi anayechomelea mageti na kufua sufuria kando ya barabara anaitwa fundi wa jua kali. Jua kali lilianza kuwa jua tu, lile linalompiga mtu asiye na paa la karakana. Sasa ni jina la sekta nzima ya uchumi, na mtu anaweza kufanya jua kali siku ya mawingu. Shina lake ni lilelile: kufanya kazi bila kifuniko kati yako na mbingu. Tofauti ni kwamba jua kali limepanda cheo, watu wanalitamka kwa fahari ya mikono yao, na dearóil halikupanda. Limebaki chini na wanyonge wake.

Lina majirani wengi, na hapa nitakuomba uvumilivu, kwa sababu ni kona ya Kiayalandi ninayoipenda kuliko zote. Maneno ya heri na shari katika lugha hiyo hutembea mawili mawili, la heri limeanza na s, la shari limeanza na d. Sona ni mwenye furaha na bahati, dona ni mbaya. Saibhir ni tajiri, daibhir ni fukara. Soineann ni hali ya hewa iliyotulia, doineann ni dhoruba. Subhach ni mchangamfu, dubhach ni mwenye majonzi. Suairc ni mtu mkunjufu, duairc ni aliyenuna, na siku nayo inaweza kuwa duairc, ikakunja uso. Sólás, faraja, waliitoa Kilatini, na hata hiyo ikapata mwenziwe wa d: dólás, dhiki ya moyo. Viambishi vyenyewe ni vya kale mno, su ya wema na du ya ubaya, na ndugu zao wapo hadi kwenye Kisanskriti na Kigiriki. Babu yako akisema lá duairc, elewa kwamba kesho inaweza kuja lá suairc. Neno lenyewe limebeba mlango wa kutokea. Dearóil halimo katika jozi hizo. Halina s yake. Ndiyo maana nililiwekea uzito uliposema amejishika kifuani.

Kuna jambo jingine la sarufi linalogusa kazi yako moja kwa moja. Mwayalandi hasemi “nina huzuni”. Husema Tá brón orm, huzuni iko juu yangu. Njaa vilevile, Tá ocras orm. Hofu, kwa watu wa Connemara, Tá faitíos orm. Upweke, Tá uaigneas orm. Nasi tunazo sentensi za jinsi hii: usingizi umenijia, njaa imenishika, huzuni imenivaa. Kitu kimekuja kutoka nje kikamkalia mtu, na kilichomkalia mtu kinaweza kuinuka kikaenda zake. Kwa dearóil mambo ni mengine. Hili ni sifa, linamshika mtu mwenyewe: Tá mé dearóil. Hakuna kitu juu yake cha kuondoa; ni yeye mzima amekuwa hivyo. Kitu kimoja tu kinapunguza makali, nacho ni hilo tá. Kiayalandi kina namna mbili za kusema kuwa: is, ya kusema kitu ni nini, na tá, ya kusema kiko katika hali gani sasa. Babu akijisema kwa tá anakueleza hali aliyo nayo, kama mtu anavyosema “leo ni hoi”.

Sikiliza pia neno hilo linatoka katika kinywa cha nani. Mzee wa Connemara wa leo, wazazi wa babu na bibi zake ni watoto wa miaka ya njaa kuu, ile ya 1845 hadi 1852, ugonjwa ulipoozesha viazi mashambani na viazi ndivyo vilikuwa karibu chakula chote cha maskini. Kiasi cha watu milioni moja walikufa na zaidi ya milioni moja wakakimbia nchi. Sensa ya 1841 ilihesabu watu milioni 8.2 hivi kisiwani. Ya 1851 ilikuta milioni 6.6 hivi. Vitabuni njaa hiyo huitwa An Gorta Mór, Njaa Kuu, lakini jina la nyumbani ni An Drochshaol. Droch ni baya. Saol ni maisha, na pia ni dunia, na pia ni zama, kama mzee wa kwetu anavyosema “ulimwengu ule”. Ulimwengu mbaya. Uliwapiga zaidi watu wa magharibi, na hao ndio waliokuwa wakizungumza Kiayalandi. Baada ya hapo lugha ikanuka umaskini. Wazazi waliokuwa hawajui vizuri Kiingereza walijitahidi kuwasemesha watoto wao Kiingereza hichohicho kibovu, ili waondoke, ili wapate kazi Boston au London. Sensa ya 2022 ilikuta watu karibu 72,000 tu wanaokitumia Kiayalandi kila siku nje ya shule, katika nchi ya watu zaidi ya milioni 5. Babu huyo ni mmoja wa waliobaki nacho. Anaposema dearóil hatumii istilahi ya kamusi. Anatumia neno ambalo watu wake wamelisema juu ya watoto wao, mifugo yao na wao wenyewe, kwa lugha ambayo yenyewe iliitwa ya kimaskini. Usiliache lipite kama maneno ya mzee aliyechanganyikiwa.

Kwa Kiswahili nakushauri uyaache maneno makubwa ya huzuni. Majonzi, simanzi, jitimai: yote ni ya moyo uliopatwa na msiba, na dearóil halihitaji msiba. Huzuni nayo ni nyembamba mno. “Maskini” linakaribia, na lina fadhila moja ambayo wageni wa lugha yetu huikosa: kwetu maskini ni asiye na mali, na pia ni neno la kumwonea huruma mtu yeyote, tajiri akiwemo. Maskini, mtoto wa watu! Mama yule wa Connemara aliposema an créatúr alikuwa anatoa pumzi ileile. Lakini ukimwambia mzee kwamba amekuwa maskini, utamfikisha kwenye mali, na mwenyewe hakusudii huko.

Mimi kwa mtu ningechukua kunyong'onyea. Mche uliokosa maji hunyong'onyea, kifaranga kilicholowa hunyong'onyea, mgonjwa hunyong'onyea, na mtu aliyekatwa tamaa naye hunyong'onyea. Mwili na moyo vinalegea pamoja, wala huwezi kusema kipi kilitangulia. Kama ni hali yake ya siku zote, huyo ni mnyonge, neno ambalo kwetu lina udhaifu wa mwili na ukosefu wa nguvu mbele ya wakubwa kwa pamoja, sawasawa na deróil ya zamani. Dhalili ni kali kidogo, ina kudharauliwa ndani yake, iweke akiba.

Kwa mahali na kwa siku, ningesema ukiwa. Mahali pa ukiwa, siku ya ukiwa. Hata hivyo ujue tofauti. Ukiwa wetu kwa kawaida ni wa nyumba iliyohamwa. Utenzi wa kale wa Al-Inkishafi, wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, unaonyesha majumba ya Pate, karibu na Lamu, yaliyojaa taa na watu zamani, sasa wamebaki wadudu wanaolia kumbini. Kinachoumiza pale ni kwamba watu walikuwepo na hawapo. Siku iliyo dearóil haihitaji kwamba mtu aliondoka. Inatosha kwamba yupo mtu, na hana pa kujibanza. Kwa hiyo babu anapotazama dirishani na kusema hivyo, sentensi ambayo ningeiandika ni: “Siku imenyong'onyea leo.” Najua hatusemi hivyo kila siku kuhusu hali ya hewa. Lakini hakuna Mswahili ambaye ataisoma asiione hiyo siku.

Sasa kumjibu. Kiayalandi hakina neno la peke yake la ndiyo. Anayekubali hurudia kile alichoambiwa. Akisema Nach dearóil an lá é, mjibu Is dearóil, muis. Tamka “is dyarool, mwish”. Hilo muis ni la watu wa Connemara hasa, la kutilia mkazo, kama “kweli kabisa”. Usione haya kumsemesha kwa tú ingawa ni mtu wa kuamkiwa shikamoo. Kwao tú ndiyo ya mtu mmoja yeyote, haimvunjii heshima. Akilisema juu ya nafsi yake usimrudishie neno hilo, maana utakuwa umemthibitishia kwamba ndivyo alivyo. Muulize An bhfuil tú fuar? Je, unasikia baridi? Tamka “a wil tu fuar”. Atajibu Tá kama ndiyo, Níl kama siyo, na hapo utakuwa umejua angalau kama ni blanketi au ni jambo jingine. Na kama ni jambo jingine, yapo maneno matatu mepesi: Tá mé anseo, “taa mee anshó”. Nipo hapa. Hayo yanajibu ile sehemu ya neno inayouma zaidi.

Na kwenye daftari la zamu, ambalo najua huandikwa kwa Kiingereza, usiandike tu kwamba ana huzuni, wala kwamba amelalamikia hali ya hewa. Ukiandika la kwanza wataita mshauri wa mambo ya akili. Ukiandika la pili hawataita mtu yeyote. Andika kwamba amesema anajisikia dhaifu, mdogo, na wa baridi, kwamba alikuwa ameshika kifua, saa ngapi, na mwombe muuguzi wa zamu amtazame siku hiyohiyo. Halafu kando yake weka neno lenyewe kama alivyolisema, pamoja na alama juu ya o, ili mtoto wake akija alisome.